Picha ya Mchanga Hupigwa kwa Miguu

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia kushika kamera, dada na kaka zangu, habari za jioni. Nimepewa dakika 40 na mwenyekiti ameshaiweka saa yake mezani, kwa hiyo salamu zitoshe. Naomba picha ya kwanza.

Hiyo mnayoiona ndiyo picha mbaya kuliko zote nilizorudi nazo kutoka Siwa, jangwani Misri. Msicheke bado. Tazameni mwanga kwanza. Tumeelekea kaskazini, jua limechomoza si zamani, upande wa kulia mchanga umekuwa rangi ya asali, upande wa kushoto bado uko kwenye kivuli cha samawati, na katikati mgongo wa tuta unakwenda ukipinda hadi upeo wa macho. Kila kitu kimekaa mahali pake. Sasa teremsheni macho. Huo mtaro uliopanda katikati, kama njia ya ng'ombe waendao mtoni, ni nyayo. Wala si za watalii waliotutangulia. Ni zangu mimi. Nilifika, nikapagawa na uzuri wa mahali, nikapanda juu kuangalia mandhari, nikashuka nikifungua begi la kamera, nikageuka, nikakuta picha nimeshaikanyaga.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza habari za kupiga picha jangwani, simtajii lenzi. Namuuliza atapita wapi, na atazunguka umbali gani ili asipite anapotaka kupiga. Najua wengine hapa mmekuja na madaftari kuandika majina ya kamera. Mtanisamehe.

Siwa iko magharibi kabisa mwa Misri, kilomita 50 hivi kutoka mpaka wa Libya. Kutoka Marsa Matruh, mji wa pwani, unakula kilomita 300 za lami nyoofu ambayo pembeni yake hakuna kitu cha kutazama, halafu ghafla ardhi inashuka na chini yako kuna mitende. Si mitende kumi wala mia, ni msitu. Bonde lile liko takriban mita 18 chini ya usawa wa bahari, na hapo ndipo siri yote ya oasisi, yaani mahali penye maji na miti katikati ya jangwa, ilipo. Mvua hawana. Upepo ndio uliochimba, miaka kwa miaka, ukabeba udongo mpaka ardhi ikasogea karibu na maji yaliyokuwa yamelala chini. Maji yenyewe ni mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita, wakati Sahara ilipokuwa na mbuga na wanyama, ikanywewa na mwamba wa mchanga ulio chini ya nchi nne: Misri, Libya, Sudan na Chad. Mtu wa Siwa akikufungulia mfereji shambani kwake, anakumwagia mvua ambayo babu wa babu yake hakuiona.

Sasa, maji hayo yana shida yake, na hii sikuijua mpaka nilipokaa na wenyeji. Bonde halina mlango. Maji yakishatoka hayana pa kwenda. Yanatiririka hadi maziwa yaliyo mabondeni, jua linayakausha, chumvi inabaki. Watu wakichimba visima vingi, maji ya chumvi yanapanda na kuizamisha mizizi ya mitende. Kwa hiyo katika oasisi, mti unaweza kufa kwa maji kuzidi. Picha ya pili, tafadhali... Hiyo. Mnaona mitende iliyokauka imesimama ndani ya ziwa kama nguzo? Watalii wote waliokuwa pale walikuwa wameipa mgongo, wanapiga machweo. Sikatai, machweo yalikuwa mazuri. Ila machweo nitayapata popote, na ile mitende sijaiona pengine.

Hata nyumba zao zimetokana na chumvi hiyo. Ngome ya zamani ya Shali, iliyojengwa karne ya 13, ilijengwa kwa matofali ya udongo na mabonge ya chumvi kutoka ziwani, wenyewe wanayaita karshifu. Yakikauka ni magumu kama saruji. Tatizo ni mvua. Mwaka 1926 ilinyesha siku tatu, na ngome iliyostahimili mamia ya miaka ikayeyuka, kuta zikalainika, watu wakahama. Ukipanda juu ya magofu yale jioni, mwanga ukiwa umelala, utaona punje za chumvi zinametameta ukutani. Sogea karibu mpaka pua iguse. Nimetoa picha nzuri zaidi kwenye ukuta wa mita moja pale kuliko kwenye mandhari yote ya mji.

Nikigusia historia kidogo tu, maana mwenyekiti anatazama saa: hapo Siwa, kwenye kilima cha Aghurmi, ndipo lilipo hekalu la Amuni, mungu wa Wamisri wa kale, alikofika mfalme Alexander Mkuu mwaka 331 KK kutafuta kauli ya mungu. Na Herodotus, Mgiriki wa kale, aliandika juu ya chemchemi ya huko kwamba adhuhuri maji yake huwa baridi na usiku wa manane huchemka. Niliingiza mkono adhuhuri, kweli nikayaona ya baridi. Nikarudi usiku, kweli nikayaona ya moto. Maji hayajabadilika hata kidogo, ndugu zangu. Kilichobadilika ni hewa, na mkono wangu. Ndivyo jangwa lilivyo, mchana linakuunguza na usiku linakutetemesha, basi beba sweta. Betri nazo hazipendi baridi. Mimi hulala nazo mfukoni.

Sasa tuingie mchangani.

Mara tu mashamba yanapokwisha upande wa kusini, inaanza ile Bahari Kuu ya Mchanga. Waarabu wanaiita hivyo hivyo, bahr, neno ambalo halihitaji mkalimani kwetu. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 72,000 hivi. Na hapa kuna jambo ambalo kila mpiga picha alipaswa kuambiwa kabla hajapanda gari: matuta yale hayakutawanyika ovyo. Yamepangwa kwa mistari mirefu inayoelekea kaskazini na kusini, kilomita nyingi bila kukatika, na kati ya mstari na mstari kuna ujia. Tuta refu lenye mgongo mkali linaitwa sayf, yaani upanga. Ndilo jina la kina Seif tunaoishi nao.

Msafiri Mjerumani Gerhard Rohlfs aliujua mpango huo kwa taabu. Mwaka 1874 alitoka oasisi ya Dakhla akitaka kwenda magharibi, hadi Kufra, oasisi ya Libya, na ngamia zake. Kila akivuka tuta, anakuta jingine refu zaidi. Mvua ikamnyeshea katikati ya jangwa, mahali pale akapaita Regenfeld, uwanja wa mvua, akapata maji. Magharibi hakuweza. Ndipo akageuka na kuufuata ujia kwenda kaskazini, na ujia ukamfikisha Siwa. Katika msafara wake alikuwemo mpiga picha, Philipp Remelé, enzi ambazo picha moja ilihitaji kioo kizima cha kuinasia. Nikimkumbuka huyo, naona haya kulalamikia uzito wa begi langu.

Kilichokuwa balaa kwa Rohlfs ni neema kwetu. Tuta likielekea kaskazini na kusini, maana yake jua la asubuhi linalipiga ubavu mmoja na jua la jioni linalipiga ubavu wa pili. Huna haja ya kuhangaika kutafuta tuta lenye mwanga. Yote yanao, kwa muda wa saa moja na ushei hivi, halafu yanakufa. Saa sita mchana jangwa halina sura. Kivuli kimekwisha, tuta na bonde vimekuwa kitu kimoja cheupe.

Dereva wetu, mzee mwenyeji wa Siwa ambaye wenzake walimwita Haji, nasi tukamwita hivyo hivyo, saa sita alikuwa anazima gari, anatandika mkeka, anachemsha chai. Mwenzetu mmoja akanung'unika kwamba tumelipia gari, siyo chai. Haji hakukasirika. Alimpeleka hatua chache mbele ya gari, akamwonyesha mchanga uliokuwa unaonekana tambarare kabisa, akaokota jiwe, akalirusha. Jiwe likapotea. Hatujalisikia likianguka. Pale palikuwa na ukingo, na chini yake mteremko wa mita nyingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuona, kwa sababu kivuli hakikuwepo. Yule mwenzetu alikunywa vikombe vitatu.

Kwa hiyo dereva na mpiga picha wanahitaji kitu kile kile, mwanga wa ubavuni. Mkipata dereva anayekubali kukimbiza gari matutani adhuhuri ili mfurahi, mshukuruni, mshuke, mtafute mwingine.

Nieleze gari kidogo, maana wengi hapa najua mnataka msisimko kuliko picha. Kitu cha kwanza Haji alichofanya lami ilipokwisha ni kutoa upepo matairini. Nikadhani kuna hitilafu. Tairi likilegea linatandaza tumbo lake mchangani, gari haliwi zito sehemu moja, halizami. Ufundi huo uliboreshwa sana na afisa Mwingereza, Ralph Bagnold, ambaye miaka ya mwisho ya 1920 na ile ya 1930 alizunguka jangwa hilo kwa magari ya Ford, tairi zimelegezwa, na mabamba ya chuma ya kuweka chini ya gurudumu linapozama. Vita Kuu ya Pili ilipofika, kikosi alichokiunda cha doria za jangwani kilikaa Siwa. Haji alikuwa na mabamba kama hayo, ila yake ni ya plastiki, yamefungwa kwa kamba juu ya gari.

Kushuka tuta ndiko kunakotenganisha mwanamume na suruali yake. Gari linapanda upande wa mteremko mdogo, linafika mgongoni, pua inaning'inia, mbele unaona mbingu tu. Haji anazima, anashuka, anatazama, anarudi, anasema bismillahi. Halafu gari linakwenda chini wima, moja kwa moja, mchanga unanguruma chini ya sakafu kama ndege inayoruka. Hakati kona. Ukishuka kwa upande gari linabiringika, kwa hiyo ukihisi dereva anaogopa na anataka kugeuza katikati, hapo ndipo pa kuogopa nawe. Dada mmoja kati yetu alipiga kelele kwa Kiswahili, Haji akajibu kwa Kisiwi, lugha ya Siwa, na nadhani walielewana.

Turudi kwenye miguu. Mabaharia wetu wana maneno mawili ambayo nimeyapenda zaidi tangu nilipotembea mchangani: joshini, upande unakotoka upepo, na demanini, upande ulio kinga. Tuta nalo lina joshini na demanini. Joshini pamelala, mchanga umeshindiliwa na upepo, unatembea kama sakafuni na mguu hauachi alama kubwa. Demanini pamesimama kwa pembe ya nyuzi 33 hivi, kwa sababu hapo ndipo mchanga unapofika kikomo cha kujishikilia. Ukikanyaga, unaporomoka wote, unazama hadi gotini, na unaacha kovu litakaloonekana hadi upepo ujao. Basi panda joshini. Zunguka kwa nyuma. Kabla hujaweka mguu, simama, chagua picha yako iko wapi, kisha pita pengine. Mkiwa kundi, teueni mtu mmoja wa kutangulia na wengine wafuate nyayo zake. Kuteleza na ubao, kubiringika, kukimbia mnapiga mayowe, yote ni halali na mimi niliyafanya, lakini kwenye tuta jingine, au baada ya kupiga.

Mzigo nao una sheria. Huyo huyo Bagnold ndiye aliyechunguza jinsi chembe za mchanga zinavyosafiri: hazielei hewani kama vumbi, zinaruka. Chembe inaruka, inaanguka, inaipiga nyingine, nayo inaruka. Kwa hiyo upepo ukivuma, mchanga mwingi unapita chini ya goti. Mkisimama mnaweza kuwa na hewa safi usoni huku vifundo vya miguu vinachapwa. Nanyi begi mmeliweka wapi? Chini! Ndani ya mto wenyewe wa mchanga! Mimi siku ya kwanza niliweka chini, zipu wazi, na mpaka leo lenzi yangu moja ukizungusha inasaga kama meno. Begi likae mgongoni au kwenye gari. Lenzi usibadilishe nje. Afadhali uchague moja ukaishi nayo asubuhi nzima. Kioo kikiingia mchanga, puliza kwa kipira, halafu brashi, na usithubutu kutumia pindo la shati. Mchanga ule ni madini ya kwatzi (quartz), ni mgumu kuliko kioo, nawe utakuwa unapiga msasa.

Kuhusu mipangilio ya kamera nitasema moja tu. Kamera inapoona mchanga mwingi unaong'aa, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na mchanga wa dhahabu unatoka rangi ya majivu. Ongeza mwanga kwa hatua moja hivi, tazama, rekebisha. Hata simu ina kijijua hicho cha kuvuta juu na chini.

Ruhusa. Kuingia matutani kwa mgeni kunahitaji kibali cha wanajeshi, kwa sababu ya mpaka, na waongozaji wenyeji ndio wanaokushughulikia. Usiende kichwa kichwa. Droni iacheni nyumbani. Msinitazame hivyo. Sheria ya Misri ya mwaka 2017 inakataza kuwa nayo au kuirusha bila idhini ya Wizara ya Ulinzi, na mtu anaweza kunyang'anywa pale pale uwanja wa ndege. Naona ndugu yangu pale nyuma ameshanyoosha mkono. Subiri, nitafika kwako.

Na watu. Wasiwa ni Waamazighi, yaani Waberberi, wana lugha yao, wana haya yao. Mwanamke aliyeolewa akipita amejitanda shuka yake kuanzia utosini hadi miguuni, amekwambia waziwazi kwamba hapigwi picha. Niliona mgeni amejibanza nyuma ya ukuta na lenzi ndefu, akadhani haonekani. Watoto walikuwa wanamwona. Nimekaa siku mbili shambani kwa mzee mmoja nikimsaidia kuokota tende zilizodondoka, kamera mfukoni, siku ya tatu akaniuliza mwenyewe, hiyo kazi yake ni nini? Picha ya tatu ndiyo hiyo, mikono yake.

Wapenda nyota waangalie kalenda. Wasiwa wana sherehe yao ya kupatana, baada ya kuvuna tende, chini ya mlima Dakrur, na hufanyika mwezi wa Oktoba ukiwa mpevu. Sherehe tamu, lakini nyota hutaziona. Ukitaka anga jeusi, nenda mwezi ukiwa mchanga. Mimi nilikwenda Novemba.

Bado picha moja. Siku ile ya nyayo, mchana upepo wa kaskazini-magharibi ulivuma mpaka hema likawa linapiga makofi. Nilikuwa nimenuna. Haji akasema kwa Kiarabu chake cha polepole neno moja nililolijua, subh, asubuhi. Usiku upepo ukatulia. Karibu saa moja asubuhi tukarudi kwenye tuta lile lile, safari hii tumeliacha gari mbali, tumezunguka joshini kwa nusu saa, kimya, kila mtu ndani ya nyayo za Haji kama watoto wanaocheza. Naomba ya mwisho.

Mtaro wangu haupo. Upepo umeusawazisha wote, mgongo umerudi kuwa upanga. Lakini tazameni vizuri, pale juu kabisa, kwenye makali. Ule mstari wa vidoa vidogo, vimepangana kama mshono wa cherehani. Mbweha mdogo wa jangwani alipita usiku, yule mwenye masikio makubwa kuliko kichwa, tena amepita palepale nilipojikataza kupita. Haji alicheka mpaka akakaa chini. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikuzifuta kwa kompyuta. Ningezifuta vipi, na yeye ndiye mwenye tuta?

Washeni taa. Haya, ndugu yangu wa droni, sema.